Wanawake weusi hawakuwa pambo la jukwaa: dhana potofu kuhusu tapu na densi ya kisasa

Nafundisha tapu, densi ya viatu vya chuma vinavyogonga sakafu kwa mdundo, na densi ya kisasa hapa Nairobi, na kila muhula unapoanza nasikia maneno yale yale. Mzazi anamleta binti yake, anatazama darasa kwa dakika chache, kisha ananivuta pembeni: "Mwalimu, huyu wangu mpe zile za kupendeza. Hizi za kugonga sakafu kwa nguvu waachie wavulana." Wanafunzi watu wazima nao wana yao. Wametazama vipande viwili vitatu vya filamu za zamani, wakamwona mwanamume mweusi akipanda ngazi kwa miguu inayolia, wakamwona mzungu mwenye kofia ndefu nyeusi, basi wakahitimisha kwamba kazi ya mwanamke katika tapu ni kutabasamu na kuonyesha mapaja. Nimejibu kwa mdomo hadi nimechoka. Safari hii naandika.

"Tapu ni ya wanaume, wanawake walikuwa safu ya nyuma tu"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu haikai kwenye historia ikatulia. Inaingia darasani na kumfanya msichana apunguze sauti ya miguu yake mwenyewe. Namwona kabisa: anaijua hatua, anaweza kuihesabu, lakini anakanyaga kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili.

Tuanze na akina dada Whitman: Mabel, Essie, Alberta na Alice. Baba yao, Albery Allson Whitman, alikuwa mchungaji na mshairi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940 mabinti hawa waliendesha kampuni yao wenyewe, wakizunguka kumbi za watu weusi Marekani, na ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizolipwa vizuri kuliko zote katika mzunguko huo. Mabel ndiye aliyekuwa meneja: yeye anapanga safari, yeye anazungumza malipo na wenye kumbi, yeye anaajiri. Alberta alikata nywele, akavaa suti na kucheza nafasi za mwanamume kwa jina la Bert. Alice, kitinda mimba, ndiye aliyetangazwa kwenye mabango kuwa malkia wa tapu. Wanawake wanne weusi, enzi za ubaguzi wa kisheria, wanamiliki kampuni ambayo wanaume wanakuja kuomba kazi.

Na wanaume hao walijifunza humo. Kila mcheza tapu duniani anaijua Shim Sham, ule mpangilio wa baa 32 ambao watu wote hupanda jukwaani kuucheza pamoja onyesho linapoisha. Waliouunda ni Leonard Reed na Willie Bryant, katika miaka ya 1920, wakiwa kwenye kundi la Whitman. Hivyo ukiniambia tapu ni ya wanaume, halafu mwisho wa darasa unasimama kucheza Shim Sham, ujue unacheza kitu kilichozaliwa ndani ya kampuni ya wanawake.

Hata hiyo safu ya nyuma mnayoidharau, nani aliwaambia ilikuwa kazi nyepesi? Pale ukumbi wa Apollo, Harlem, mtaa wa watu weusi New York, programu ilibadilika kila wiki. Mabinti wa safu walicheza onyesho la wiki hii mara kadhaa kwa siku, na katikati ya maonyesho hayo wakafanya mazoezi ya onyesho la wiki ijayo. Hatua mpya, muziki mpya, mavazi mapya, kila wiki. Mwaka 1940 waligoma kudai malipo bora. Mtu anayeweza kukariri programu nzima kwa siku chache huku miguu imevimba si pambo.

Sasa njoo kwa Jeni LeGon, ambaye nikimtaja watu hunitazama tu. Alizaliwa Chicago mwaka 1916, na akiwa bado msichana mdogo alipita kwenye kundi la Whitman. Alikuwa mwembamba, hakupenda yale mavazi mafupi ya safu, akachagua kucheza kwa suruali na viatu bapa. Alirukaruka, akasimama juu ya ncha za vidole, akaanguka magoti na kuinuka ndani ya mdundo uleule. Mwaka 1935 alicheza na Bill Robinson katika filamu ya Hooray for Love. Itafuteni mkaitazame. Robinson ndiye aliyekuwa mcheza tapu maarufu kuliko wote wakati huo, mwili wima, miguu inaongea bila haraka, na binti wa miaka 18 yuko naye bega kwa bega, hajifichi nyuma yake na wala hapunguzi kitu. Studio ya MGM ikampa mkataba wa muda mrefu. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa mkataba wa namna hiyo na studio kubwa ya Hollywood.

Studio hiyohiyo ilikuwa inamkuza Eleanor Powell, mcheza tapu mzungu. Mkataba wa LeGon ukavunjwa upesi. Akaenda London akacheza jukwaani, na aliporudi Hollywood nafasi alizopewa zilikuwa za mjakazi. Mwaka 1948, katika Easter Parade, filamu ambayo Fred Astaire anacheza kwa viatu vyake vinavyong'aa, LeGon yumo kama mtumishi wa nyumbani. Mwanamke aliyeweza kucheza na Robinson anafungua mlango na kupokea makoti. Mwaka 1969 alihamia Vancouver, Kanada, akafundisha tapu huko vizazi kwa vizazi, akafariki mwaka 2012 akiwa na miaka 96.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza, "Kama walikuwa wazuri hivyo, mbona hatuwaoni kwenye filamu?", jibu ni hilo. Kamera ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Louise Madison anatajwa kwa heshima kubwa na wazee wote wa tapu wa enzi yake, lakini sisi wa leo tunabaki na ushuhuda wa midomo tu. Cora LaRedd alikuwa nyota wa Cotton Club, klabu maarufu ya Harlem, na anachoweza kukionyesha mwalimu darasani ni dakika chache za filamu. Lois Bright alicheza na ndugu wawili Miller juu ya majukwaa membamba yaliyoinuliwa kutoka sakafuni, wakiruka kutoka moja hadi jingine huku wakigonga, na mtu asiyejua anamtazama akidhani yeye ni mrembo aliyewekwa katikati kwa ajili ya picha. Angalieni miguu yake, acheni uso.

Nifafanue jambo la viatu, maana hapa ndipo wazazi wananipotezea wanafunzi. Kiatu cha tapu kina vipande viwili vya chuma, kimoja mbele chini ya vidole na kingine kisiginoni. Kwenye kiatu bapa kisigino ni kipana na kifupi, uzito wa mwili unaweza kukaa nyuma, na ukiangusha kisigino unapata sauti nzito ya chini. Kiatu cha kisigino kirefu kinakusukuma mbele. Kile chuma cha nyuma ni kidogo sana, sauti yake kali na fupi, na kifundo cha mguu kinafanya kazi ya ziada kukushikilia usiyumbe. Chukua ule mruko ambao mguu unakwaruza kuelekea nje, unapangusa kurudi ndani, kisha unatua: milio mitatu katika mruko mmoja. Kwa kiatu bapa ni mgumu. Kwa kisigino kirefu, ukikosea pembe kidogo tu, kifundo kinapinda. Mwanamke anayeufanya kwa kisigino kirefu na milio yote mitatu ikasikika wazi amefanya kazi kubwa kuliko mwanamume anayepigiwa makofi pembeni yake.

Dormeshia anafanya hivyo. Alipanda Broadway, majukwaa makubwa ya New York, akiwa mtoto katika onyesho la Black and Blue mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadaye aliingia katika Bring in 'da Noise, Bring in 'da Funk, onyesho la mcheza tapu Savion Glover ambalo kwenye tapu lilikuwa la wanaume pekee, na akacheza kama mmoja wao, hakuna aliyempunguzia hatua. Kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa tapu wa Michael Jackson. Mwaka 2016 alileta kazi yake And Still You Must Swing. Ukimsikiliza akiwa amevaa visigino virefu, utadhani amevaa bapa, kwa sababu kila mlio umekamilika. Lakini alianza kwa kujenga sauti kwanza, umbo likafuata. Wazazi wanataka niende kinyumenyume.

Kabla yake kuna Dianne Walker wa Boston, ambaye vijana wa tapu Marekani humwita shangazi. Alikuwa mwanafunzi wa Leon Collins, akacheza katika Black and Blue Paris na kisha Broadway, ambako alikuwa pia msaidizi wa watunzi wa hatua. Yeye hakanyagi kwa nguvu. Miguu yake haiinuki sana kutoka sakafuni, sauti ni laini lakini kila moja ina mahali pake, na nyuma ya mpiga piano anasikika kama mpiga ngoma anayetumia brashi. Namtaja kwa makusudi, kwa sababu kuna walimu wanaowaambia wasichana kwamba ili wasikike lazima wapige kama wanaume. Hapana. Nguvu na sauti ni vitu viwili tofauti. Ulaini wa Walker umefanyiwa kazi, ameuchagua mwenyewe. Ulaini wa msichana anayeogopa kusikika ni kitu kingine kabisa, na masikio yanautambua mara moja.

Na Ayodele Casel, aliyezaliwa Bronx, mwenye asili ya Puerto Rico na ya Waafrika wa Marekani, alikuwa mwanamke pekee katika kundi la Savion Glover la miaka ya 1990. Tangu wakati huo amelibeba jambo hili jukwaani: katika maonyesho yake anawataja kwa majina wanawake weusi wa tapu waliosahauliwa, akicheza na kusimulia. Mwaka 2022 ndiye aliyetunga hatua za tapu za Funny Girl iliporudi Broadway.

Kuna zoezi ninalolipenda darasani. Nawageuza wanafunzi watazame ukuta, kisha nacheza rekodi moja baada ya nyingine, sauti tu bila picha: Robinson, Walker, Glover, Dormeshia. Nauliza, huyu mwanamume au mwanamke? Mabishano yanazuka. Wengi hukosea, na wanaopatia wanakiri wamebahatisha. Baada ya hapo simsikii tena mtu akitaja hatua za kike na hatua za kiume, walau kwa wiki kadhaa.

Ushauri wangu kwa mzazi basi: nunua viatu bapa vya kamba, ngozi ngumu kiasi, soli isiyopinda ovyo. Skrubu za chuma zisikazwe hadi mwisho, ziachwe na nafasi kidogo ili chuma kiweze kulia. Na mtoto asifanye mazoezi kwenye simiti wala vigae vya sebuleni. Nimesema hili hadi sauti imenikauka. Simiti haibonyei, mshtuko wote unapanda kwenye mfupa wa mbele wa mguu na kwenye magoti, na mtoto wa miaka 9 anakuja kwangu akichechemea. Kata plaiwudi futi nne kwa nne, weka juu ya zulia au mkeka mnene, basi. Majirani wakilalamika, zungumza nao muda wa mazoezi. Usimwambie mtoto apunguze.

"Densi ya kisasa ni ya Wazungu, sisi tuna ngoma zetu"

Hii naisikia zaidi kwa wanafunzi wa chuo, na huisema kwa fahari, wakidhani wanautetea utamaduni. Bila kujua wanawanyang'anya dada zetu kazi yao na kuwazawadia wengine.

Katherine Dunham alisoma anthropolojia Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1935 alisafiri kwenda Karibiani kwa ufadhili wa utafiti, akakaa Jamaika, Martinique, Trinidad na hasa Haiti, akichunguza ngoma kwa daftari na kwa mwili wake. Aliporudi alitunga L'Ag'Ya mwaka 1938 kutokana na mchezo wa kupigana wa Martinique, na akajenga mfumo kamili wa mafunzo unaobeba jina lake. Ukiwa kwenye darasa lolote la kisasa na mwalimu akakwambia utenganishe kifua na nyonga, kifua kiende huku nyonga zimetulia, kisha ubadilishe, unafanya kitu ambacho Dunham alikiweka kwenye mtaala miongo mingi kabla hujazaliwa. Mwaka 1951 alionyesha Southland nchini Chile, kazi kuhusu watu weusi kunyongwa na magenge ya wazungu Marekani, jambo ambalo serikali ya nchi yake haikutaka lionekane ughaibuni. Mwaka 1992, akiwa na zaidi ya miaka 80, alikataa chakula kwa siku 47 kupinga namna wakimbizi wa Haiti walivyorudishwa.

Pearl Primus, aliyezaliwa Trinidad mwaka 1919 na kulelewa New York, alikuja kwenye densi kwa njia ya mlango uliofungwa. Alikuwa na shahada ya biolojia, akatafuta kazi ya maabara, na wakati ule maabara hazikumtaka mwanamke mweusi. Mwaka 1943 alitunga densi ya peke yake juu ya Strange Fruit, shairi kuhusu watu weusi walionyongwa, hakuna ala, sauti ya msomaji tu. Mwaka uliofuata alikwenda kusini mwa Marekani akachuma pamba na wakulima maskini ili ajue mwili unainama vipi shambani. Kisha, kuanzia mwaka 1948, alizunguka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, akafika hadi Rwanda. Kutokana na ngoma za wachezaji wa mfalme wa Rwanda, ambazo kwa desturi zilikuwa za wanaume, alitunga Impinyuza, na mwaka 1990 kampuni ya densi ya Alvin Ailey iliirudisha jukwaani. Hebu mtu aniambie hapo ngoma ni wapi na kisasa ni wapi. Primus hakuona ukuta kati ya viwili hivyo.

Kwa wale wanaosema, "Hao ni Wamarekani, Mwalimu," nawapeleka Senegal. Germaine Acogny alizaliwa Benin mwaka 1944, akakulia Senegal, akafungua studio yake Dakar mwaka 1968. Kuanzia 1977 hadi 1982 aliongoza Mudra Afrique, shule ya densi iliyoanzishwa na mtunzi wa densi Maurice Béjart pamoja na Rais Senghor. Mwaka 1998 yeye na mumewe walianzisha École des Sables huko Toubab Dialaw, kijiji cha wavuvi kusini mwa Dakar, na moja ya kumbi zake ina sakafu ya mchanga. Katika mbinu yake uti wa mgongo ndio mwanzo wa kila kitu: anauita nyoka wa uhai. Kifua ni jua, makalio ni mwezi, kinena ni nyota. Mwanafunzi wangu wa Kipokomo au wa Kigiriama akielezwa hivyo, mgongo unaanza kutikisika kabla sijamaliza kueleza, kwa sababu mwili wake tayari unaijua lugha hiyo. Mwaka 2021 Acogny alitunukiwa Simba wa Dhahabu wa Biennale ya Venice kwa kazi ya maisha yake.

Dada Masilo (Dada ni jina lake la jukwaani) wa Soweto alichukua bale ya Swan Lake mwaka 2010, akaivua viatu, akaichanganya na ngoma za kwao, na wacheza wake wanaume nao wakavaa sketi za mabata maji. Alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 39, na pengo lake bado linauma. Dorothée Munyaneza, aliyezaliwa Kigali na kuondoka Rwanda mwaka 1994, anaishi Ufaransa na anatunga kazi zinazobeba mauaji ya kimbari kwa sauti, wimbo na mwili. Unwanted, ya mwaka 2017, imetokana na simulizi za wanawake waliobakwa wakati ule na watoto waliowazaa. Ukiwa umeketi ukumbini unaitazama, hutauliza kama densi ya kisasa ni ya nani.

"Wako hivyo kwa damu"

Hii inasemwa kama sifa. "Wanawake weusi wamezaliwa na mdundo." Ukiisikiliza vizuri, inafuta kazi yote. Dunham alikuwa msomi mwenye daftari za utafiti. Primus alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha New York mwaka 1978. Judith Jamison alipoonyesha Cry kwa mara ya kwanza mwaka 1971, alibaki peke yake jukwaani kwa dakika kama 16, na kila mtu aliyewahi kuijaribu anaeleza jinsi mapafu yanavyowaka kufikia sehemu ya tatu. Huo ni uvumilivu wa mazoezi ya miaka. Alvin Ailey aliitunga kwa heshima ya mama yake na ya wanawake weusi wote, na Jamison baadaye akaongoza kampuni ya Ailey kuanzia 1989 hadi 2011. Uongozi wa miaka 22 haurithiwi kwenye damu. Camille A. Brown anapochukua michezo ya wasichana ya kuruka kamba na kupigiana makofi ya viganja na kuigeuza kazi ya jukwaani, anafanya uchambuzi wa midundo ambao ungemtoa jasho mwalimu wa muziki. Mwaka 2021 alikuwa mmoja wa waongozaji wawili wa Fire Shut Up in My Bones pale Metropolitan Opera, akawa msanii mweusi wa kwanza kuongoza onyesho la jukwaa kuu la jumba hilo.

Nikiwa na mwanafunzi Mwafrika anayekosea hesabu, nataka awe huru kukosea. Dhana ya damu inamfanya aone aibu maradufu.

Nyingine nazimaliza kwa haraka. "Tapu ilitoka Ireland." Sehemu tu. "Basi ilitoka Afrika moja kwa moja." Pia sehemu tu. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono, South Carolina, mwaka 1739, sheria ya mwaka uliofuata iliwapiga marufuku kupiga ngoma, na midundo ikahamia kwenye viganja, mapaja na miguu. Miguu hiyo ikakutana na densi za Waayalandi na Waingereza mitaani na majukwaani kwa zaidi ya karne. Ubaki na hadithi nzima, usikate kipande unachokipenda.

"Lazima aanze na bale." Hapana. Bale ni nzuri kwa anayetaka bale. Mtoto wa tapu anahitaji masikio kwanza. Aimbe mdundo kwa mdomo kabla ya kuugonga, ndiyo sheria ya darasa langu na sitaibadilisha.

"Mwili wangu ni mnene." Jawole Willa Jo Zollar alianzisha Urban Bush Women mwaka 1984 akiwa na wachezaji wenye nyonga, mapaja na makalio ya kweli, na harakati zao zikatungwa kutokana na miili hiyo. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya MacArthur. Njoo na mwili ulio nao.

"Tapu imekufa." Mwaka 2021 posta ya Marekani ilitoa stempu za tapu zenye picha za wachezaji 5 walio hai. Watatu ni wanawake, na kati yao wamo Dormeshia na Casel. Chloe Arnold na kundi lake la wanawake, Syncopated Ladies, wametazamwa na mamilioni mtandaoni.

Na ya mwisho, ambayo husemwa kwa sauti ya chini na akina mama wanaowasubiri watoto wao kwenye benchi: "Mimi umri umepita." Dianne Walker alianza tapu kwa dhati mwaka 1978, akiwa karibu na miaka 30, tayari ni mama wa watoto. Mable Lee, aliyezaliwa mwaka 1921, alikuwa bado anapanda jukwaani akiwa na zaidi ya miaka 90. Mwaka 1985 wanawake waliokuwa safu za Apollo na Cotton Club ujanani walijikusanya tena kwa jina la Silver Belles na kucheza hadi uzeeni. Kama magoti yanakusumbua, tutaacha miruko na kufanya kazi ya visigino na vidole ukiwa umekaa kwenye kiti, ambayo ndiyo ninayowaanzishia hata vijana. Vaa viatu bapa, acha mkoba kwenye benchi, uingie.